Maisha ya Daktari Robert Koch, Mchunguzi wa Magonjwa ya Watu na ya Mifugo

Mtu akaaye hapa Lemara na kufuga ndama wawili watatu nyuma ya nyumba yake hana haja ya kuelezwa ndigana ni nini. Asubuhi ndama hukataa kunyonya, masikio yamelala, na tezi iliyo chini ya sikio imevimba kama limau. Siku chache zikipita hupumua kwa shida, povu humtoka puani, naye hufa. Walakini ng'ombe mzee wa jirani, aliyeumwa na kupe wale wale katika malisho yale yale, hucheua bila wasiwasi wowote. Wazee wetu Waarusha na Wamasai walijua tangu zamani ya kuwa mnyama aliyeugua akapona haugui tena upesi, wala hawakuhitaji kitabu cha kuwaambia hayo. Neno la kuuliza ni hili: mwili wa yule ng'ombe mzee umemtambuaje adui, nao unamkumbukaje? Mwezi huu tumeona vema kuwaletea habari za maisha ya mtu mmoja aliyeliuliza swali hilo katika nchi zetu hizi, mara akapata jibu, mara akakosea vibaya. Jina lake ni Robert Koch.

Alizaliwa tarehe 11 Desemba 1843 katika mji mdogo wa Clausthal, katika milima ya Harz, nchi ya Wadachi, yaani Ujerumani. Baba yake alikuwa ofisa wa machimbo ya madini, na watoto waliozaliwa nyumbani kwake walikuwa kumi na watatu. Robert alisoma uganga katika chuo kikuu cha Göttingen, akahitimu mwaka wa 1866. Mwalimu wake mmoja, Jacob Henle, alikuwa ameandika tangu mwaka wa 1840 kwamba magonjwa ya kuambukiza huletwa na viumbe hai wadogo mno. Ila hakuwa na njia ya kulithibitisha neno hilo, na waganga wengi hawakulisadiki. Mwaka wa 1867 Koch akamwoa Emmy Fraatz, wakapata binti mmoja. Akatumika vitani mwaka wa 1870, na mwaka wa 1872 akawekwa kuwa mganga wa wilaya huko Wollstein, mji ambao leo uko Poland.

Wilaya ile ilikuwa ya wakulima na wafugaji, na kondoo na ng'ombe wao walikufa kwa kimeta. Koch hakuwa na chumba cha uchunguzi wala msaidizi. Alikuwa na hadubini, yaani ile darubini ya kukuza vitu vidogo, na sehemu ya chumba cha kutibia wagonjwa iliyotengwa kwa pazia. Jioni, wagonjwa wakiisha kwenda zao, alichukua damu ya mnyama aliyekufa akawatia panya kwa kijiti kilichochongwa. Panya wakafa, na damu yao ikaonekana imejaa vijiti vidogo. Vijiti hivyo akavikuza nje ya mwili katika maji ya jicho la ng'ombe, kizazi baada ya kizazi, hata pasiwe na tone lililosalia la damu ya kwanza. Navyo vikaua vile vile. Tena akaona ya kuwa vikikosa chakula hujifunga katika ganda gumu mfano wa mbegu, na mbegu hizo hukaa udongoni miaka mingi zikingoja. Ndiyo sababu ya kwamba mahali alipozikwa mnyama wa kimeta huweza kuua tena ng'ombe wa mjukuu, na ndiyo sababu mabwana mifugo wetu hutukataza kumpasua mnyama aliyekufa ghafula huku damu ikimtoka puani. Mwaka wa 1876 Koch aliichukua kazi yake Breslau kwa mwalimu Ferdinand Cohn, naye alipoiona akaichapisha. Mganga wa shamba akajulikana Ulaya nzima.

Yaliyofuata yameandikwa katika vitabu vingi, nasi tutayapita kwa haraka. Mwaka wa 1880 aliitwa Berlin. Tarehe 24 Machi 1882 alisimama mbele ya waganga akaonyesha kijidudu cha kifua kikuu, ugonjwa ambao siku zile ulihesabiwa kuwa unaua mtu mmoja kati ya kila watu saba. Mwaka wa 1883 alikwenda Misri, kisha Bara Hindi, kutafuta kijidudu cha kipindupindu, akakiona. Kwa miaka michache akawa mtu mwenye sifa kuliko waganga wote wa zamani zake, labda isipokuwa Louis Pasteur wa Ufaransa, nao wawili hawakupendana.

Ndipo likaja anguko. Mwaka wa 1890 Koch alitangaza ya kuwa amepata dawa ya kifua kikuu, akaiita tuberkulini, wala hakusema imetengenezwa kwa nini. Wagonjwa wakamiminika Berlin kutoka kila nchi. Alikuwa amejidunga yeye mwenyewe kwanza, akatetemeka na kushikwa na homa kali. Tusimdhanie kuwa mdanganyifu. Walakini haikuponya, na baadhi ya wagonjwa walizidi kuumwa, wengine wakafa. Ikabidi aeleze siri yake: dawa ile ilitolewa katika vijidudu vyenyewe vya kifua kikuu. Aibu ilikuwa kubwa. Mwaka wa 1893 akaachana na mkewe, akamwoa Hedwig Freiberg, msichana wa miaka kama ishirini, na jambo hilo nalo lilisemwa sana na watu.

Hapa yatupasa kusimama kidogo, maana katika kosa hilo limelala jambo ambalo Koch mwenyewe hakulielewa sawasawa. Mtu aliyekwisha kuingiwa na kijidudu cha kifua kikuu akidungwa tone la tuberkulini katika ngozi, baada ya siku mbili au tatu mahali pale huvimba na kuwa pagumu. Ambaye hajapata kuingiwa, ngozi yake kwa kawaida hubaki tulivu. Koch alidhani uvimbe ule ni mwanzo wa kupona. Kumbe ni mwili unaomtambua adui iliyekwisha kukutana naye. Na kutambua si kushinda. Dawa iliyoshindwa ikawa kipimo, na kipimo hicho kimetumika hospitalini kwa zaidi ya miaka mia.

Mwili hutambuaje? Mchungaji wa Kiarusha humjua ng'ombe mgeni katika kundi kwa alama za masikio: hizi za kwetu, hizi si za kwetu. Mwili hufanya mfano wa hayo. Kuna chembe nyeupe za damu zizungukazo mahali pote, na zile za kwanza humeza kila chenye alama za jumla za vijidudu, alama ambazo mwili wa mtu hauna. Hizo ni wepesi, ila hazibagui sana. Nyuma yao wako askari wa namna nyingine, mamilioni kwa mamilioni, na kila mmoja amezaliwa na kitambuzi chake, kinacholingana na alama moja tu, kama ufunguo na kufuli. Wale ambao kitambuzi chao kingewafanya waupige mwili wenyewe, walio wengi huondolewa mapema, kabla hawajatoka kazini. Adui akiingia, yule mmoja au wale wachache wanaolingana naye huanza kuzaana katika tezi, wakawa maelfu na maelfu. Kazi hiyo huchukua siku kadhaa, na ndizo siku ambazo mgonjwa hulala kitandani. Baadhi yao humwaga kingamwili katika damu, ambazo humnata adui na kumzuia. Wengine huzitafuta chembe za mwili wenyewe zilizokwisha kutekwa na adui, wakaziua pamoja naye. Vita vikiisha wengi hufa, lakini wachache hubaki kwa miaka wakiikumbuka ile alama. Hao ndio kumbukumbu ya ng'ombe mzee wa jirani.

Sehemu ya kwanza ya habari hizo ilijulikana katika nyumba ya kazi ya Koch mwenyewe. Mwaka ule ule wa 1890 wanafunzi wake wawili, Emil von Behring na Shibasaburo Kitasato wa Japani, walionyesha ya kuwa maji ya damu ya mnyama aliyekingwa na pepopunda, akitiwa mnyama mwingine, humkinga naye. Paul Ehrlich, aliyekuwa naye huko Berlin, alifikiri juu ya vitambuzi na alama. Kwa upande wa pili Elie Metchnikoff, Mrusi aliyekaa Paris, alishuhudia chembe nyeupe zikimeza vijidudu, na alipomwonyesha Koch vioo vyake alipokewa kwa ubaridi. Watu wakabishana miaka mingi, ni damu ikingayo au ni chembe? Ni zote mbili.

Sasa twaja kwetu. Mwaka wa 1896 serikali ya Koloni la Rasi ilimwita Koch kwa ajili ya sotoka. Wasomaji wetu wanaijua sotoka katika masimulizi ya babu zao. Iliingia Afrika kwa upande wa kaskazini katika miaka ya mwisho ya 1880, na mwaka wa 1891 ilikuwa imekwisha kufagia nchi ya Wamasai, ng'ombe tisa na zaidi katika kila kumi. Ikafuatwa na njaa na ndui, na watu walikufa njiani wakitafuta chakula kwa jirani zao wakulima. Ilipofika kusini Koch alikaa Kimberley akachunguza. Hakuweza kumwona adui, maana ni kirusi, mdogo mno kwa hadubini yake. Walakini akaona ya kuwa nyongo ya ng'ombe aliyekufa kwa sotoka, ikitiwa chini ya ngozi ya ng'ombe mzima, humpa kinga baada ya siku kama kumi. Waganga wa mifugo waliomfuata waliitengeneza njia hiyo iwe bora zaidi kwa kutumia damu ya waliopona. Kwa Wamasai na Waarusha habari hiyo ilichelewa miaka kadhaa. Sotoka ilikomeshwa duniani kabisa, na jambo hilo likatangazwa mwaka wa 2011, kwa chanjo nyingine iliyo salama.

Kutoka Afrika ya Kusini alipelekwa Bombay kwa ajili ya tauni, na mwaka wa 1897 akashuka Dar es Salaam, akakaa katika nchi hii hata mwaka uliofuata. Alipima damu za watu wenye homa siku baada ya siku. Alipopanda Usambara aliambiwa na wenyeji wa milimani jambo ambalo wataalamu wa Ulaya walikuwa bado wakilibishania: ya kuwa mtu wa mlimani akishuka tambarare huumwa na mbu, kisha hushikwa na homa, na ugonjwa wenyewe waliuita kwa jina la mdudu, mbu. Mwezi Agosti wa mwaka ule ule wa 1897 Ronald Ross, huko Bara Hindi, ndipo alipokiona kijidudu cha malaria katika tumbo la mbu. Kwa maoni yetu, Wasambaa wastahili kutajwa katika habari hiyo kuliko watajwavyo.

Koch aliona tena ya kuwa watu wa pwani hawakuugua sana, ilhali wa milimani waliposhuka waliugua vibaya. Je, ni damu ya kuzaliwa nayo, au ni kitu ambacho mwili hujifunza? Jibu alilipata mwaka wa 1900 katika kisiwa cha New Guinea. Alipima damu za watoto na za wakubwa katika vijiji vyenye malaria nyingi, akakuta vijidudu tele kwa watoto wadogo, na kwa wakubwa haba au hakuna kabisa. Basi kinga ile haizaliwi na mtu. Hununuliwa kwa homa za utotoni, na watoto wengi hufa kabla hawajamaliza kuilipa bei yake. Leo twajua sababu ya kukawia kwake: kijidudu cha malaria kina sura nyingi, na mwili hauna budi kuzijifunza moja moja. Tena kinga hiyo hupungua mtu akikaa mahali pasipo malaria. Kwa hiyo mtu wa miteremko ya juu ya Meru ashukapo Mto wa Mbu asiseme kwamba amekwisha kuzoea, hata kama alilelewa huko.

Katika safari ile ile alitambua ya kuwa ugonjwa uliokuwa ukiua watu huko Kiziba, karibu na Bukoba, ni tauni. Walakini ng'ombe wa pwani walimpotosha. Aliona katika damu yao vijidudu vidogo mfano wa vijiti, akadhani ni sehemu ya homa ya mkojo mwekundu iliyojulikana Marekani. Kumbe ilikuwa ndigana. Mwaka wa 1903 aliitwa Bulawayo, ambako ndigana ilikuwa imeingia ikaua ng'ombe bila hesabu. Hapo alitambua kosa lake, akasema ni ugonjwa wa peke yake, wa pwani ya Afrika. Akajaribu kuwakinga ng'ombe kwa kuwatia mara kwa mara damu ya waliopona, kama alivyotumaini kutokana na magonjwa mengine. Wafugaji wakangoja kwa matumaini, na njia hiyo haikufaa kitu.

Mwaka wa 1905 alirudi tena katika nchi hii, akachunguza homa ya papasi iliyowasumbua wapagazi na wasafiri waliolala katika kambi za njiani. Alikuta vijidudu vyake vilivyojisokota hata ndani ya mayai ya papasi, maana yake papasi mama humrithisha mtoto. Homa hiyo huacha, kisha hurudi baada ya siku kadhaa, huacha tena, ikarudi. Sababu yake ilijulikana baadaye: mwili hutambua alama za adui na kumshinda, lakini wachache kati yao hubadili alama, na askari waliotayarishwa hawawajui. Desemba ya mwaka huo Koch alipewa tuzo ya Nobel kwa kazi yake juu ya kifua kikuu.

Safari yake ya mwisho katika Afrika ndiyo ituhuzunishayo zaidi. Katika visiwa vya Sese na pande zote za Nyanza ya Uganda malale ilikuwa imeua watu zaidi ya laki mbili katika miaka michache. Koch alikaa Sese miaka ya 1906 na 1907, akaweka kambi yake Bugala, na wagonjwa wakaja kwa mitumbwi, mamia kwa mamia. Aliwadunga dawa iitwayo atoksili, yenye sumu ya zarniki. Mwanzoni vijidudu vilitoweka katika damu, wagonjwa waliobebwa wakasimama, na furaha ikawa kubwa. Kisha vijidudu vikarudi. Koch akaongeza kipimo cha dawa, na wengine wakapofuka macho kabisa. Kijidudu cha malale, kiletwacho na mbung'o, ambaye kwetu huitwa ndorobo, ndicho mjanja kuliko wote: huvaa kanzu ambayo mwili huitambua, na mwili ukiisha kuwaua wenye kanzu hiyo, wengine wamekwisha kuvaa nyingine, nao wana kanzu mamia. Koch hakuyajua hayo. Walakini aliyajua macho ya wale vipofu, wala hatuoni ya kuwa mgonjwa wa Berlin angeongezewa kipimo cha namna ile kwa wepesi ule. Alikuja chini ya bendera ya watawala, na watu wa Sese hawakuwa na mtu wa kuwasemea. Shauri alilolitoa, la kuwatenga wagonjwa katika kambi, liliwatesa wengi baada yake.

Alirudi Ujerumani, akafariki dunia huko Baden-Baden tarehe 27 Mei 1910 kwa ugonjwa wa moyo, akiwa na umri wa miaka sitini na sita. Majivu yake yamewekwa Berlin katika nyumba ya uchunguzi iitwayo kwa jina lake.

Ndigana aliiacha bila jibu. Leo sababu ya kushindwa kwake yajulikana. Kijidudu cha ndigana kitolewacho na mate ya kupe hakikai kwanza katika damu nyekundu. Huingia ndani ya chembe nyeupe zenyewe, kikawateka askari na kuwalazimisha wazaane pamoja nacho. Ndiyo ile tezi iliyovimba chini ya sikio la ndama. Damu ya aliyepona haitoshi kukinga, kwa maana kingamwili hazimfikii adui aliyejificha ndani ya askari. Wafaao ni wale askari wengine wauao chembe zilizotekwa, nao hawatayarishwi ila kwa kukutana na adui aliye hai. Wataalamu wa Muguga, karibu na Nairobi, walilipata hilo katika miaka ya 1970. Ndama hutiwa vijidudu vilivyo hai, vilivyotolewa katika kupe na kuhifadhiwa katika baridi kali sana, na saa ile ile hudungwa dawa ya tetrasaiklini ikaayo mwilini siku nyingi. Ugonjwa waanza, dawa yauzuia usimwue, na mwili wapata nafasi ya kujifunza. Wamasai wa kaskazini ya Tanzania wameipokea chanjo hiyo kuliko wafugaji wengi, na ndama aliyechanjwa hutambulikana kwa hereni iliyo sikioni. Dawa ikiisha kuyeyushwa haina budi kutumika siku ile ile, na chupa moja hutosha ndama wengi. Kwa hiyo wenye ndama wawili watatu, kama sisi wa Lemara, hupatana siku moja na kuwakusanya mahali pamoja kabla bwana mifugo hajafungua mtungi wake.